Nkambo Amerudi Ziwani

Joëlle na Précieux,

Leo, kiangazi cha mwaka 2025, Nkambo, bibi yenu, amepanda mtumbwi tena, mara ya kwanza tangu avunjike mguu wakati wa mvua. Sombe ya majani ya muhogo iko jikoni, ipasheni moto polepole.

Asubuhi alipiga kasia akiwa amesimama, kama wavuvi walivyomfunza Kilwa yetu ya ziwani, ambako wanaoketi ni abiria na magunia ya samaki. Mguu ulikataa. Akaingia majini na kitenge chake cha misa.

Mvuvi aliyemwopoa alisema, "Mama, ikala tu. Hata gunia inafikaga."

Akaketi, akafika.

Kitenge kinakauka uani, msiwasimulie majirani. ~~Hatakwenda tena.~~ Amekwenda tena, na ataketi.

Joëlle, ulimwambia kwamba mguu haujapona, naye akaahidi kuosha sufuria akianguka. Ameziosha zote, pamoja na ile yenye ukoko wa ugali wetu wa bukari.

Nkambo wenu