Sauti ya Mama kwenye Wimbo wa Tano

Jumapili, Nyeri. Manyunyu tangu asubuhi, na Mlima Kenya hatujauona siku ya tatu sasa. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vimekufa ganzi, lakini moyoni niko mwepesi. Sijawa mwepesi hivi tangu Machi.

Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba nilikuwa jasiri.

Sikuwa.

Albamu yangu ya kwanza imekuwa tayari kwa mwezi mzima. Nyimbo nane za jazi iliyochanganywa na midundo ya huku kwetu: gitaa langu la besi, saksofoni, kinanda, ngoma. Kila aliyeisikiliza anasema wimbo wa tano ndio roho yake. Na huo wa tano niliuiba.

Niliuiba kwa Mama.

Miaka sita iliyopita Mama alipasuliwa goita, ule uvimbe wa shingoni. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya kanisa letu kule Tetu. Sauti iliporudi ilikuwa na mikwaruzo, na Jumapili moja akasikia wanawake wawili wakimcheka nyuma yake. Hakusimama tena pale mbele. Siku hizi anamwimbia ng'ombe wake tu, akimkamua, akidhani hakuna anayesikia.

Mimi nilisikia. Machi nilisimama nje ya zizi nikamrekodi kwa simu. Wimbo wenyewe hauna maneno mengi, anaubuni papo hapo, lakini unahesabika kwa mapigo saba, kwa sababu huvuta pumzi kila mikono inapobadilishana. Nikajenga muziki wote juu ya ile hesabu yake. Sikumwambia.

Wiki jana Abdi, fundi wa sauti aliyeturekodi kule Nanyuki, aliniuliza kama Mama anajua. Nikajifanya nakaza nyuzi za gitaa. Akazima mashine.

"Huyo ni mamako, si gitaa. Mwambie kwanza. Akikataa, tunautoa."

Kuutoa kungeibomoa albamu. Lakini nilichoogopa zaidi ni uso wa Mama, nikimkumbusha kile kicheko.

Leo baada ya ibada nikaenda nyumbani, nikamkuta jikoni akimenya viazi. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yakapotea. Nikasema tu, "Mama, nilikurekodi ukiimba. Sikukuuliza. Umo kwenye albamu." Nikaweka simu mezani, nikabonyeza, nikaangalia sakafu.

Dakika sita. Mwanzoni aliendelea kumenya. Kisha kisu kikasimama.

"Rudisha hapo mwanzo."

Nikarudisha. Mara ya pili alifunga macho mpaka mwisho.

"Huyo wa ngoma anaharakisha," akasema. "Mimi nikikamua hivyo, ng'ombe atanipiga teke."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamwomba msamaha. Alinikemea, na nilistahili.

"Ungeniuliza, Wairimu. Ati unasimama nje ya zizi kama mwizi? Si niko na mdomo ya kukujibu?" Akagusa kovu shingoni. "Na hii kukwaruza, mbona hamkuitoa? Si siku hizi mashine inaweza?"

Nikamwambia ukweli. Abdi angeweza kuitoa, mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu mpiga saksofoni alishinda siku nzima akitafuta sauti kama ile na hakuipata.

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Basi iache. Lakini uandike jina yangu. Yote, mpaka ya baba yangu. Watu wasidhani ni wewe."

Nimemtumia Abdi jina lote nikiwa bado pale jikoni. Halafu nikatoka nje, nikasimama kwenye manyunyu, nikapumua. Miezi yote hii nilikuwa nikijiambia kwamba namheshimu kwa kumficha. Nilikuwa nikijilinda mimi.

Sijui kama ataimba tena kanisani. Sikumuuliza, hilo ni lake. Langu, kama nilivyomwambia nikiaga, ni kurudi Nanyuki kesho na mpiga ngoma, tuurekodi upya, polepole, mwendo wa mtu anayekamua.

Mama amenipigia simu sasa hivi. Anauliza magari ya Nanyuki huondoka saa ngapi.