Pleya ya Kumsikia Gerishon

Jumatatu, 2 Machi 2015

Daktari kasema sikio la kushoto linakwenda. La kulia litafuata. Polepole, anasema — kama ananipongeza! Zitaanza kupotea sauti nyembamba.

Haya. Basi nanunua pleya. Si simu — pleya ya muziki ya maana, zile za wenye wazimu wa muziki. Jackie kacheka mpaka kaweka kijiko chini. Kwa Kiingereza chake: Mama, masikio yanaondoka na wewe unayanunulia zawadi? Ndiyo! Mgeni akiondoka si ndipo anafungiwa zawadi? Na mshahara ni wangu, wa kugeuza wazee wa watu kitandani hapa Kanada miaka kumi na mbili.

Sikumweleza yote. Wimbo wa kwaya yetu ya Karatu, 1986, umo kwenye simu na mwanzo wake hausikiki. Kabla ya kuimba Gerishon alitugawia sauti — ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne — kama mwalimu yeyote wa kwaya. Kwenye wimbo wenyewe haimbi, anaongoza. Kwa hiyo sauti yake iko hapo tu, hakuna kwingine duniani. Alikufa Jackie ana miaka miwili.

Simu imemmeza mume wangu. Au ni masikio. Lazima nijue ni kipi, kabla hayajafunga mlango.

Jumamosi, 7 Machi

Jackie kanipeleka Markham, kanishusha, kaenda kwenye shughuli zake. Duka la Bwana Alnasir — mzee wa Mwanza, ndevu nyeupe, mkanda wa suruali juu ya kitovu. Nilikuwa nanung'unika peke yangu kwa Kiswahili, akadakia: "Kumbe Mama ni wa nyumbani! Karibu, karibu, keti."

Alitaka nijaribu kwa piano ya Kizungu. Nikakataa. Nikampa fleshi yangu yenye wimbo wa kwaya.

Pleya nyeusi: nzito kama kilo ya sukari, itachana mfuko wa koti. Lakini kayamba! Kwenye simu kayamba ni shhh tu. Humu nasikia punje kwa punje, na nasikia Mama Nyakundi wa kwaya yetu anavuta pumzi kabla ya kiitikio, kama zamani, kwa kelele. Nikacheka dukani.

Ya rangi ya fedha: kinobu cha kuzungusha, kama redio ya baba. Nimekipenda mno. Sauti za nne zimejaa, zimekaa vizuri chini. Ila betri, Bwana Alnasir mwenyewe kakiri, haifiki jioni.

Mwanzo? Hakuna. Zote mbili zinaanza na wimbo, paa! Nimemwambia pleya zake hazina kitu. Hakukasirika. Kasema wiki ijayo anapokea nyingine, ya Kijapani.

Jackie garini: nilikuambia, Mama.

Jumatano, 11 Machi

Zamu mbili. Miguu imevimba. Bibi wa chumba cha tisa kaniuliza kwa nini napaza sauti. Sikujua kama napaza.

Jumamosi, 14 Machi

Ya Kijapani. Ndogo, inaingia kiganjani, betri siku nzima na zaidi. Sauti safi — safi mno, kama nyumba isiyo na watu. Na mwanzo hakuna!

Nikatoa hedifoni, nikamwambia Bwana Alnasir basi, ni masikio yangu, daktari kashinda. Machozi yalinitoka, nayaandika kama yalivyo. Yeye akavaa hedifoni, akasikiliza, akafungua kompyuta akanionyesha wimbo kama picha, vilima na mabonde.

"Tazama, Mama. Kabla ya kilima cha kwanza, bapa. Hata punje ya mchanga hakuna. Kanda ya zamani haiwi kimya hivi. Mtu amekata."

Mtu! Namjua huyo mtu.

Jumapili, 15 Machi

Ibada ya Kiswahili. Sikusubiri chai. Nikamfuata Ombeni, fundi mitambo wetu, anazungusha nyaya. Ndiye niliyempa kanda Desemba aiingize kwenye kompyuta. Alipomaliza ilikatika mikononi mwake akiitoa, akaniomba radhi, nikamsamehe. Hili la kukata mwanzo hakusema.

Kasema: "Mama Jackie, mimi nilikusafishia. Ule mwanzo ni mwalimu tu anagawa sauti, wimbo ulikuwa haujaanza."

Mwalimu tu!

Nilimwambia mbele ya wazee wa kanisa: huyo mwalimu tu ni baba yake Jackie. Mzee mmoja kanishika mkono, eti yaliyopita si ndwele. Ni ndwele! Nikautoa mkono wangu.

Ombeni kasema labda ile ya kwanza, kabla hajasafisha, imebaki kwenye kompyuta yake ya zamani. Labda.

Alhamisi, 19 Machi

Hajapiga simu. Nimempigia mara nne. Nitapiga ya tano.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikiwa dukani, kwenye stuli.

Ombeni kaleta fleshi nyumbani asubuhi, ile ya kwanza imo, kainamisha kichwa, hakuingia ndani. Jackie safari hii kaegesha gari, kasimama mlangoni na funguo zinachezacheza.

Nimechagua ya fedha, yenye kinobu. Nimezungusha. Mchakacho wa kanda. Mtu anakohoa. Halafu yeye. Gerishon! Sauti ya kwanza — akaitoa kwa mdomo uliofumba, mmmm. Sauti ya pili — na mimi, mwanamke mzima na koti langu la baridi, nikaipokea kwa nguvu, katikati ya duka la watu. Miaka ishirini na tisa na haikupotea hata kidogo. Wateja wakageuka. Wageuke!

Jackie kaja mbio, uso umemwiva kwa aibu. Nyamaza, Mama, watu wanatazama. Nikamvika hedifoni.

Funguo zimetulia. Ameomba nirudishe mwanzo. Nimerudisha. Ameomba tena, kwa Kiswahili. Amefumba macho, midomo imefumba pia, na mmmm inamtoka, ile ile ya baba yake.

Bwana Alnasir anauliza taratibu, anifungie hii au nyingine? Nimemwinulia kidole asubiri. Bado sauti ya nne.