Leso ya Manjano Niliyomnyima Askari

Mama Mkubwa,

Kiswahili ulinifundisha wewe, nipate kuelewana na wenye maduka wa Unguja, basi nakuandikia kwa Kiswahili. Nina habari njema na sina mwingine wa kumwambia kwanza.

Harusi kubwa zimerudi. Ulipotutoka duniani, Moroni ilikuwa bado kimya, wazungu wa bunduki walioipindua serikali wametua juzijuzi tu, na majora yako ya leso yamo kashani tangu serikali hiyo ipige marufuku harusi kubwa. Kila mtu alikwambia uyauze kwa bei ya mapazia. Ukasema, "Watu hawataacha kuoana." Hukuyaona yakitoka. Hilo bado linaniuma.

Nimeyaleta huku Mutsamudu kwa mume wangu, nikafungua chumba kimoja karibu na soko. Wanawake wa hapa hujitanda shiromani zao za kila siku, lakini kwenye harusi chama kizima cha wanawake huvaa leso sare, kama kwetu. Mwiko wako niliujua: leso iliyochaguliwa na chama haionyeshwi wala haiuzwi kwa mwingine mpaka harusi ipite. Niliujua, na nikauvunja. Chama cha wanawake wa Mirontsy, mji wa jirani, walichagua kwa harusi yao ile ya manjano yenye michoro ya korosho, nami kwa uroho wa wateja nikatundika kipande chake mlangoni, watu wajue duka limefunguliwa.

Aliyevutika ni askari mzungu. Aliingia na bunduki begani, akaishika leso, akasema kwa Kifaransa anaitaka kwa mkewe, mtu wa papa hapa. Mkewe akipita nayo sokoni kabla ya harusi, nimekwisha. Wa Mirontsy wasingekanyaga tena kwangu, na nani mwingine angekanyaga? Nikamwambia imeshauzwa. Akacheka, akainyooshea kidole: si hiyo imetundikwa? Ndipo nikakusikia: "Mteja asitoke na hapana tupu. Mpe kitu mkononi." Nikamkunjulia ya buluu, nikamwekea mkononi, nikasema hakuna mwanamke Mutsamudu aliye nayo. Akalipa, akaenda. Nikaishusha ya manjano, nikakaa chini nyuma ya meza.

Kesho yake mkewe akaja. Nikajua nimepatikana. Kumbe amefuatana na wenzake wa chama chao.

"Wewe ndiye uliyemnyima mume wangu?"

Nikakubali, nikamweleza sababu, na kwamba kosa la kuitundika lilikuwa langu. Akawageukia wenzake.

"Kamkatalia mwenye bunduki. Basi na yetu itakaa salama."

Wakachagua leso yao siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimezunguka soko zima kujitangaza, bure. Sasa wanakuja wenyewe, na wakisikia natoka Moroni wananiuliza kama mimi ni mwanao. Nashukuru, sijui nimshukuru nani zaidi.

Harusi ya Mirontsy imepita jana. Vile vipande viwili vya sare ulivyotaka nibakize kila mara kwa ajili ya aliyesahau kununua, kimoja kilichukuliwa asubuhi ya harusi na dada mmoja aliyekuja anahema. Kingine nimekivaa mimi leo. Sasa inaruhusiwa.

Nakuahidi, mlangoni pangu haitatundikwa tena leso ambayo wenyewe hawajaivaa. Majora yako yametoka yote; nimeshaagiza mengine Unguja. Mungu akulaze pema, Mama Mkubwa, wala usiwe na wasiwasi nami. Kasha lako ni tupu.

Mwanao,
Echati