Ananifungia Ndani kwa Kufuli: Je, Huu Ni Unyanyasaji?

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, roho yangu haitulii tangu Jumapili. Mimi ni marraine wa Nella, nilimsimamia harusi yake, na kwetu Bujumbura unajua, mke mpya akipata shida huja kwanza kwa marraine, basi siku ya ubatizo wa mjukuu wangu alinivuta jikoni, mimba imeshakuwa kubwa, akaniambia, "Mama, Régis ananinyanyasa, akienda kazi ananifungia mu nyumba na kufuli, ufunguo anaenda nayo," mimi nikacheka kidogo, nikamwambia, "Mutoto wangu, hiyo neno ni ya wale wanapigwa, we hauna hata alama, bwana ana wivu tu, niko zubakwa," maana ndivyo nami nilivyoambiwa na mama zangu, kwamba ndoa hujengwa hivyo, kwa kuvumilia, kisha yeye na mumewe wakarudi kwao Kinama, na tangu hapo simu yake haipatikani, na Jumapili Régis alikuja kanisani peke yake, nikamuuliza, akasema, "Anapumuzika," wala hakunitazama.

Naogopa, mshauri. Nikienda, watasema marraine anavunja nyumba. Niambie, huu kweli ni unyanyasaji?

Pascaline, Mutakura

*

Mama Pascaline, pole, lakini mambo gani haya? Unaniuliza maana ya neno, na aliyelisema yuko nyuma ya kufuli!

Kunyanyasa si fimbo peke yake. Ni kumtesa mtu kwa sababu una nguvu juu yake naye hana pa kukimbilia: kumtukana kila siku, kumnyima chakula, kumfungia. Wivu huzungumzwa. Cheche ya makaa ikishika pazia, huyo mjamzito atatokea wapi? Uchungu ukimshika mchana, atamwita nani? Najua ulirithi maneno ya mama zako, na hukumtakia mabaya. Hata hivyo ulikosea, na kosa hili halingoji Jumapili nyingine.

Nenda leo hii, mchana. Mchukue mzee mmoja wa upande wa Régis, anayemheshimu, pamoja na chef wa kartie, kiongozi wa mtaa wao, Régis aitwe aje na ufunguo, mlango ufunguliwe mbele ya mashahidi. Mpeleke Nella kwa daktari, kisha kaa naye, ninyi wawili tu, umsikilize bila kumkagua alama. Akitaka kuondoka, ondoka naye papo hapo, alale kwako.

Wakikuita mvunja nyumba, itika. Nyumba hujengwa tena, Nella hajengwi.