Watu Wote Wamo Ndani ya Flashi

Jumanne, 22 Aprili 2008. Nakuru.

Mvua imenyesha tangu asubuhi na viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa tope hadi kwenye kamba. Kichwa changu nacho hakina tofauti na viatu.

Wiki mbili sasa ninatafuta laptop. Nimezaliwa mwaka wa sitini na tano, nimetaipu tangu enzi za taipureta, na bado kuna wateja wanaoingia ofisini wakauliza "yule dada wa kutaipu yuko wapi?" Wanashangaa kukuta mwanaume; nimewazoea. Lakini kuchagua mashine moja kumenishinda kabisa, na leo nimefika mahali ambapo karibu nilie mbele ya watu.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuandaa programu za mazishi, vile vijitabu vya ibada. Familia inaniletea picha ya marehemu na maisha yake yameandikwa nyuma ya daftari la shule. Mimi napanga kurasa: picha mbele, historia katikati, ratiba ya ibada, nyimbo, shukrani. Nimeifanya kazi hii muda mrefu hivi kwamba mjini wananiita Karani wa Matanga. Kuanzia Elburgon hadi Gilgil, ukiniambia jina la ukoo, huenda nikakuambia nani alikuwa mke wa kwanza na ni mtoto gani walisahau kumwandika wakarudi kunigombeza.

Sijawahi kufuta hata faili moja. Sijui kwa nini. Naona ni vibaya tu kumfuta mtu mara ya pili.

Mwanzoni mwa mwezi stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na kompyuta yangu ya mezani ikatoa moshi. Fundi aliifungua, akaangalia ndani, akaifunga taratibu. Nikajua. Kilichobaki ni flashi moja ndogo niliyokuwa nimenakili humo kila kitu. Ndiyo sababu nataka laptop. Ina betri, stima ikileta wazimu wake mashine inajitegemea. Pesa niliyo nayo ni ya kununua moja tu, na nikikosea sina ya kurekebisha kosa.

Basi nikaanza kuuliza ushauri. Hapo ndipo nilipopotea.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Duka ninaloliamini ni la Bwana Harish. Tangu babake akiwa hai nimekuwa nikinunua pale utepe wa taipureta. Alinionyesha mpya kabisa yenye Vista, Windows ya kisasa. Inang'aa, madirisha yake yanaonekana kama ya kioo, lakini kila ukigusa kitu inakuuliza kama una uhakika. Mimi ni mtu wa wasiwasi tayari, sihitaji mashine ya kuniongezea. Pembeni kulikuwa na ya mtumba yenye XP, Windows ya zamani, imechubuka kona moja, herufi A imefifia. XP naijua. Lakini kila mtu ananiambia imezeeka, eti nitakuwa nimenunua kitu kinachoaga dunia. Na juu kabisa, kwenye kabati la kioo, kulikuwa na ile nyeupe yenye tunda mgongoni. Hiyo niliitazama tu na kupita.

Halafu kuna Chebet. Chebet anafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja cha hapa mjini na tunaimba naye kwaya. Yeye hataki kusikia habari za Windows. Anasema badala yake niweke mfumo wa Ubuntu, ni wa bure, virusi haviusumbui, na hata jina lake ni letu, maana yake utu. Nilipenda hilo jambo la utu. Nikamuuliza kama ile programu ninayopangia kurasa itafanya kazi humo. Akakohoa kidogo, akasema kuna nyingine inayofanana nayo.

Inayofanana. Nilirudi nyumbani na neno hilo likanikosesha raha siku tatu.

Nikawa kila jioni nachora mistari kwenye karatasi, Vista upande huu, XP kule, Ubuntu chini. Mke wangu akapita nyuma yangu akasema, "Wewe hata mimi hukunichunguza hivi." Na kweli mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe likikuponyoka hupotezi majina ya watu.

Sasa niandike kilichonifanya niharakishe.

Ijumaa iliyopita alikuja mwanamke mmoja, Mama Wambui. Kwa sura sikumkumbuka, ila aliponiambia jina la mumewe, Kariuki, aliyekuwa akipasua mbao Elburgon, nikamkumbuka mara moja. Tulimzika miaka mitano iliyopita. Mama huyu alikuja kwangu siku zile akiwa mjamzito, akakaa kwenye kiti changu cha wateja huku ameshika picha kwa mikono miwili. Niliiskani, nikamrudishia.

Januari, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba yao ilichomwa pamoja na kila kilichokuwa ndani. Picha iliungua. Programu ya mazishi, aliyokuwa ameiweka ndani ya Biblia kama tunavyofanya sote, iliungua. Tangu hapo yeye na mtoto wanalala kwenye hema hapa mjini. Kaka yake wa Gilgil amepata chumba na anakuja kuwachukua kesho, Jumatano, saa tatu asubuhi.

Aliniambia maneno ambayo sijaweza kuyaweka kando tangu siku hiyo: "Karani, mtoto ameanza kuniuliza baba alikuwa anafanana aje. Na mimi nimeanza kusahau. Hata kama haina rangi, nipatie tu."

Nilimwambia asijali. Nilipigapiga mfuko wenye flashi nikamwambia, yuko hapa.

Mwanaume mzima, na mdomo wangu huu.

Leo asubuhi nilienda kwa Bwana Harish nikiwa nimeamua jambo moja la busara: mashine itakayomfungua Kariuki ndiyo nitakayonunua. Basi. Tukaanza na ile mpya ya Vista. Nikachomeka flashi. Mafolda yangu yakatokea kwa mpangilio wa miaka. Nikabofya, na kabla sijapumua mashine ikatoa onyo jekundu, eti imekamata virusi na kuvifuta. Mafolda yote yakatoweka.

Flashi ikawa tupu.

Tukaihamishia kwenye ile ya mtumba. Tupu. Bwana Harish akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Tupu vilevile. Nikaomba kiti.

Na kosa ni langu, wacha niliandike hapa nisije nikalisukumia stima. Tangu kompyuta yangu ife, nimekuwa nikichapisha kazi za wateja kwenye saiba za mjini, zile ofisi za intaneti, leo hii, kesho ile. Kila mahali nachomeka flashi ileile yenye maisha ya watu wote, kama mtu anayesalimiana na kanisa zima wakati wa homa. Sikuwahi kufikiria kununua ya pili.

Bwana Harish alinionea huruma. Akasema, "Boss, hii flashi imeisha. Wacha nikufomatie iwe safi, utaanza upya." Akafungua kale kadirisha ka kufomati.

Nami nilitikisa kichwa kukubali. Ndiyo, nilikubali. Nilikuwa nimechoka, nimechanganyikiwa, nikitaka tu mtu mwingine aniamulie.

Mkono wake ukiwa tayari kwenye kipanya, akaniuliza, "Hakuna kitu yako ndani, sindio?"

Nikasema, "Kuna watu."

Akanitazama. Nikamwambia, "Kuna watu wengi, Bwana Harish. Hata mzee wako yumo." Maana programu ya maombi ya babake niliipanga mimi, na picha ileile ndiyo inaning'inia na shada la maua nyuma ya kaunta yake.

Aliondoa mkono kwenye kipanya. Akaichomoa flashi mwenyewe, akaifuta kwa leso, akanipa. Akaniambia, "Basi usikubali mtu yeyote abonyeze kitu. Hata mimi."

Nilitembea kwenye mvua hadi chuoni kwa Chebet, sikujali madimbwi. Nilimkuta anakunywa chai. Nilipomweleza hakuniuliza mengi, aligeuza laptop yake yenye ile rangi ya udongo ya Ubuntu, akachomeka flashi.

Wote walikuwa wamo.

Nilihesabu mafolda kwa kidole kwenye kioo mpaka Chebet akaniambia nitaacha alama. Alinieleza kwamba virusi havikuwa vimefuta kitu. Vilikuwa vimeficha mafolda yangu halisi, vikaweka ya bandia yenye sura ileile, na ile mashine mpya ilipofuta bandia hapakubaki cha kuonekana. Windows ilikuwa imeambiwa isiwaonyeshe, ikatii. Mashine ya Chebet haikuelewa amri hiyo, ikaonyesha kila kitu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wanafunzi wakachungulia.

Kisha tukabofya jina la Kariuki, na haikufunguka. Chebet alijaribu njia hii na ile. Ile programu "inayofanana" haikuweza kumfungua. Jina niliweza kulisoma, ila uso sikuuona.

Hebu nielezeni, ninyi mnaojua. Mashine moja inaweza kuwafungua lakini haiwaoni. Nyingine inawaona lakini haiwezi kuwafungua. Nilicheka, halafu nikashangaa kwamba macho yamelowa.

Chebet hakucheka. Alifuta takataka zote za virusi, akachoma faili zangu kwenye CD, mbili, moja ya akiba. Akaniambia, "Karani, kimbia kabla Harish hajafunga. Na mambo ya Ubuntu tutaongea siku ingine." Nadhani ilimuuma kidogo kunituma kwa Windows. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama wewe hutumii mfumo wake.

Nilifika Bwana Harish akishusha mlango wa chuma. Aliupandisha tena. CD ikaingia kwenye ile ya mtumba yenye kona iliyochubuka. Ikanguruma. Nikabofya.

Kariuki akatokea. Tai ya kuazima imekaa upande, pengo la jino mbele, anatabasamu kama mtu aliyeitwa ghafla.

Basi nimenunua hiyo. Ya mtumba, yenye XP inayosemekana inakufa. Jumamosi Chebet ataniwekea Ubuntu kando yake ndani ya mashine hiyohiyo. Anasema inawezekana, ukiiwasha inakuuliza unataka kuingia upande gani. Nikaona ni sawa na nyumba mbili kwenye boma moja, na sote tunajua zile huwa hazikosi vituko. Mkiniuliza ipi ni bora bado sijui, kwa kweli sijui. Leo nimezihitaji zote mbili.

Sasa ni saa moja jioni, naandika haya kwenye mashine niliyonunua, kesho nitayapandisha mtandaoni nikipita saiba. Nitayachoma kwenye CD nyingine ya kuingia nayo, flashi nimeiacha ndani ya Biblia.

Printa iko tayari, stima ipo. Na bado sijachapisha.

Nilipokuwa naangalia kurasa za Kariuki kabla ya kuzichapisha, nilifika mahali pa familia. Niliandika mwenyewe miaka mitano iliyopita: "Mwana wa Wambui. Mume mpendwa. Baba wa mtoto ambaye hajazaliwa."

Nimeukodolea macho mstari huo tangu chai ilipokuwa moto hadi imepoa.

Katika kazi yangu kuna sheria moja niliyojiwekea, programu ikishasomwa kaburini haiguswi. Waliokuwepo waliisikia hivyo, na marehemu alizikwa hivyo. Lakini yule mtoto sasa yuko nasari. Kesho atasimama hapa mlangoni na viatu vyake vya tope, mamake atamwonyesha uso wa babake, na mtoto akijifunza kusoma atajitafuta kwenye karatasi hiyo. Atakuta kwamba hajazaliwa.

Jina lake lilikuwa tayari pale juu, la nyanyake, maana kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babake. Sikuhitaji hata kuuliza linaandikwaje.

Nimefuta maneno mawili. Nimeandika: "Baba wa mtoto Wambui."

Kisha nikataka kufunga faili, na mashine, kwa namna yake ileile ya miaka yote, ikaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko. Ndiyo, Hapana, au Ghairi.

Wiki mbili nimeshindwa kujibu swali lolote la kompyuta. Hili nimelijibu. Nimebonyeza Ndiyo, na printa imeanza kazi.