Jina la Papa Ilunga

Dada Rehema, shikamoo. Baridi ya Lubumbashi inauma mwezi huu, na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chai.

Jana nilikwenda mtaa wa Katuba kwa Papa Ilunga, fundi shaba aliyenifundisha kuchanganya aloi yake ya shaba. Makala niliyoiandika juu ya aloi hiyo ndiyo inayonukuliwa na watafiti kila mahali, ndiyo iliyonipa uprofesa. Nilimkuta bintiye peke yake. Aliniandalia bukari, ugali wa huku, na samaki, kisha akaleta makala yangu, karatasi zimechakaa kwa kushikwa.

“Papa aliomba nimusomee yote,” akasema. “Akauliza, ‘Jina yangu iko wapi?’ Nikamudanganya, nikasema iko ku mwisho.”

Papa alifariki mwezi uliopita. Dada, sikumtaja hata kwenye shukrani. Nilijiambia kwamba fundi si mtafiti.

Leo asubuhi niliwaandikia wahariri nikiomba jina lake liwekwe. Wamejibu kwa upole kwamba mwandishi anayeongezwa sharti atie saini yeye mwenyewe.

Wabusu wanao, na uniombee.

Mdogo wako,
Zuhura