Koroma la Hamza

Wembley, London

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu kwa mbali, na Mungu ajaalie barua hii ikukute umekaa barazani, si kitandani. Magoti yanasemaje? Yale mafuta ya karafuu unayosuguliwa yamesaidia? Sisi wazima, mimi, Salma na watoto. Baridi imeanza, na ghala letu la Hayes halina joto la kutosha; napanga maboksi ya uwanja wa ndege nimevaa soksi mbilimbili kama mgonjwa. Lakini kazi ipo, alhamdulillahi.

Mama, tulikuahidi kwamba Idi hii utatuona wote wawili, mimi kutoka huku na ndugu yangu Hamza kutoka India. Hamza haji. Nalisema mapema ili usisikilize barua nzima ukiwa na matumaini. Yeye mwenyewe ameshindwa kukuandikia. Aliniambia, "Mwambie wewe, kaka, mie nitalia." Basi nakueleza mimi, ingawa na mimi macho yangu si makavu.

Unajua tangu alipokwenda kwa jamaa za marehemu baba, baada ya Mapinduzi, Hamza anauza nazi. Kule bidhaa huwekwa mafungu kabla ya kutozwa kodi ya mauzo. Matunda mabichi hayalipiwi, na dafu limo humo. Nazi zilizokomaa, na mbata zilizokaushwa, zimo katika fungu la mbegu za mafuta, na hizo zinalipiwa. Sasa mwanao anauza nini? Makoroma, yaliyopita udafu na bado hayajawa nazi! Wewe ndiye uliyemzoesha. Sote tulitaka dafu, yeye akakulilia aanguliwe koroma, atafune nyama yake. Amekwenda kuwazoesha na wateja wa huko.

Afisa wa kodi akafika dukani, akalitazama lile rundo, akataka kujua ni matunda au ni mbegu za mafuta. Na sheria yao ilinishangaza, Mama, maana ina akili: haimwendei mtaalamu wa mimea. Inauliza muuzaji na mnunuzi sokoni wanakiitaje kitu hicho. Afisa akamgeukia Hamza: "Wewe unakiitaje?"

Unamjua mwanao akibabaika. Alijibu kwa Kiswahili!

"Koroma."

"Ndiyo nini hiyo?"

Hamza akatafuta neno la Kigujarati, hakulipata. Miaka yote ile aliyokaa kule, hesabu anapiga kwa lugha yao, akigombana anagombana kwa lugha yao, lakini nazi bado anazijua kwa lugha yako. Mwisho akataja neno lao la nazi, ili yaishe. Afisa akaandika nazi. Duka zima likawa mbegu za mafuta.

Amekata rufaa, na inasikilizwa wiki ileile ya Idi. Lazima ahudhurie mwenyewe; asipofika, neno la afisa litasimama, na kwa kodi hiyo duka halitaweza kuendelea. Nilimpigia simu nikamwambia alifunge tu, aje kwako, kisha aje kwangu.

"Yusuf, weye umesahau?" akasema. "Koroma ulikune utakavyo, tui hupati. Hayo mafuta wanayaona wapi? Na nikilifunga duka, nije kwako nikafanye nini? Nipange maboksi?"

Kesho yake nilipotoka kazini nilipita duka la mboga hapa Wembley. Nazi zimepangwa, zote zimefuliwa makumbi, zote zina jina moja, coconut. Nikazitikisa mojamoja nikitafuta koroma. Mwenye duka, Mgujarati mzaliwa wa Kisumu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Unatafuta nini, bwana?" Nikashindwa kumwambia. Nikanunua bamia.

Najuta, Mama. Kila mwaka tulisema mwaka ujao, mimi na Hamza, kana kwamba wewe huzeeki. Sasa nitakuja peke yangu, na najua utanikumbatia huku ukiutazama mlango. Sitakulaumu.

Nisalimie dada Batuli anayekuangalia, na mumewe anayekusomea barua hii, nami namwomba asiiruke mistari ya huzuni kama kawaida yake. Nisalimie shangazi Khadija wa nyumba ya pili, mwambie shali aliloniagiza nimelipata. Salma anakuamkia.

Nisalimie pia Haji mkwezi. Batuli alinieleza kwamba ule mnazi wa uani umeukataza usiguswe mpaka Hamza afike, ale koroma la kwao. Mwambie Haji aukwee, aangue. Koroma halingoji mtu, Mama. Likiachwa juu litakuwa nazi, na yule afisa atakuwa amesema kweli.

Mwanao akupendaye,
Yusuf